Tambarare Hii Ilitoka Wapi? Majibu ya Maswali Yenu Kuhusu Ardhi Iliyoletwa na Mito

Barua za safari hii nyingi zimetoka mabondeni: wakulima wa mpunga, mwanafunzi mmoja, na watu wawili watatu wanaotaka kujenga au kuchimba kisima. Tumezipanga kwa namna ambayo jibu la kwanza litasaidia kuelewa yanayofuata, kwa hiyo hata kama swali lako liko mwishoni, anza hapa juu.

SWALI: Shikamooni wahariri. Mimi ni mkazi wa Ifakara. Nikitazama upande mmoja naona Milima ya Udzungwa, nikigeuka naona bonde limenyooka mpaka macho yanachoka. Wazee wetu wanasema ardhi hii yote ililetwa na maji. Maji yanawezaje kusawazisha eneo kubwa kiasi hiki?
*Msomaji, Ifakara*

JIBU: Marahaba. Wazee wamesema kweli, ila maji peke yake hayatoshi. Panatakiwa shimo la kujazwa, mlima wa kumegwa, na mto wa kubeba. Bonde la Kilombero lina vyote vitatu. Ardhi ya huko ilikatika kwenye nyufa kubwa zinazohusiana na Bonde la Ufa, upande mmoja ukazama na upande wa Udzungwa ukabaki juu. Kilele cha Luhombero kina mita 2,576 juu ya usawa wa bahari, wakati Ifakara iko chini ya mita 300. Mvua inayopiga miteremko hiyo hushusha mawe, mchanga na udongo kupitia mito kama Lumemo, Ruipa na Kihansi.

Mto hubeba mzigo kwa kadiri ya mwendo wake. Mlimani maji hukimbia na kubingirisha hata mawe makubwa. Mlima unapoishia mteremko hupungua ghafla, na hapo mzigo huanza kushushwa, mzito kwanza. Mawe na kokoto hubaki mguuni pa mlima, yakitandazwa kwa umbo la kipepeo cha kupepelea moto wa mkaa: chembamba kinapotokea korongoni, kipana kuelekea bondeni. Vipepeo vya mito jirani vikikutana hufanya mteremko mmoja mrefu ambao ukiutembelea kwa miguu huutambui, lakini maji yanautambua.

Mchanga husafiri mbele zaidi, na udongo laini husafiri mbali kupita vyote. Sababu ni muda wa kutua. Tuseme una maji yaliyotulia yenye kina cha mita 1. Chembe ya mchanga mwembamba yenye unene wa milimita 0.1 hufika chini kwa dakika 2 hivi. Chembe ya tope laini ya milimita 0.01 huchukua kama saa 3. Chembe ya mfinyanzi ya milimita 0.001 inahitaji karibu siku 13. Ukipunguza unene mara 10, muda wa kutua huongezeka mara 100. Ndiyo maana mfinyanzi haupatikani kando ya mkondo unaokimbia. Unapatikana mahali ambapo maji ya mafuriko yalituama kwa wiki kadhaa.

Sasa usawa wenyewe. Mto unapofurika, maji hukimbilia penye kishimo, hukaa hapo kwa kina kirefu na kwa muda mrefu, na hivyo huacha tope jingi zaidi hapo kuliko penye mwinuko. Kila mafuriko yanapunguza tofauti kidogo. Wakati huo huo mto wenyewe hauachi kuhama: kwenye kona hula ukingo wa nje, ambako maji yana kasi, na kulaza mchanga kwenye ukingo wa ndani, ambako yamepoa. Ukiupa karne za kutosha, mto hupita karibu kila mahali bondeni. Kwa hiyo chini kabisa utakuta mchanga na changarawe za mkondo uliohama, na juu yake tope la mafuriko.

Kasi yake ni ndogo kuliko watu wanavyodhani. Maji ya mafuriko yenye gramu 1 ya tope kwa kila lita, yakisimama kwa kina cha mita 1 na kuacha mzigo wote, yanaongeza tabaka ambalo halifiki milimita 1. Jirani na mkondo, ambako maji mapya yanaendelea kufika yakiwa na mzigo mpya, unaweza kupata makumi ya sentimita kwa mafuriko mamoja. Mbali na mkondo, milimita chache kwa mwaka ni nyingi. Milimita 2 kwa mwaka ni mita 2 kwa miaka 1,000, na mto hauna haraka.

Kuna kitu kingine kinachosahaulika: kizingiti cha kutokea. Tambarare za Usangu, kule Mbarali, zinaishia kwenye mwamba wa Ng'iriama ambao Ruaha Mkuu lazima uupande ndipo utoke. Mwamba ule unayazuia maji nyuma yake, ndipo ikapatikana ardhioevu ya Ihefu, na tope likatua. Mwamba kama huo ukikatwa, mto ulio juu yake huanza kuchimba mkondo wake kwenda chini, na uwanda unaanza kuliwa badala ya kujengwa.

SWALI: Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha pili. Je, Serengeti na tambarare za Athi nazo ziliundwa na mito?
*Msomaji, Machakos*

JIBU: Hapana, kijana wetu, na umeuliza vizuri maana wengi huzichanganya. Tambarare za Athi na Kapiti ni lava: uji wa volkano uliotiririka, ukajaza mabonde ya zamani na kuganda ukiwa sawa. Kusini mashariki mwa Serengeti ni majivu ya volkano za nyanda za juu za Ngorongoro, yakiwemo ya Ol Doinyo Lengai ambao hadi leo bado hulipuka. Upepo uliyapeleka magharibi, mvua ikayeyusha chokaa iliyomo, na chokaa hiyo ikaganda chini ya udongo kuwa gamba gumu. Mizizi ya miti hushindwa kulipenya, nyasi fupi hustawi. Aina ya tatu ni nchi iliyochakazwa hadi ikawa sawa, kama sehemu kubwa ya Dodoma na Singida, ambako vilima vya matale (mawe ya graniti) vinasimama vyenyewe katikati ya ardhi bapa.

Ukitaka kutofautisha, chimba. Kwenye uwanda wa mto utakuta matabaka: mchanga, mfinyanzi, mchanga tena, na kokoto zikiwa za mviringo kwa kusuguana. Kwenye nchi iliyochakazwa utakuta udongo ukigeuka polepole kuwa mwamba uliooza, na mawe yana pembe kali.

SWALI: Nalima mpunga Kano, karibu na Ahero. Shamba ni moja, ekari mbili, tambarare tupu. Upande ulio karibu na mto maji hayakai hata nikimwaga usiku kucha. Upande wa mbali ni udongo mweusi unaonasa jembe. Nimeambiwa niongeze mbolea upande wa mto. Nisaidieni.
*Mama mkulima, Kaunti ya Kisumu*

JIBU: Mama, tatizo lako la kwanza ni mchanga, kwa hiyo usinunue mbolea ya ziada kabla ya kusoma hadi mwisho. Mbolea ya naitrojeni ukiimwaga mahali maji yanapozama kwa kasi, inazama nayo.

Mto unapofurika, maji hupoteza kasi mara tu yanapovuka ukingo. Mchanga hutua hapo hapo. Miaka ikipita ukingo huinuka na kuwa tuta la asili, lenye kimo cha nusu mita hadi mita 2 au 3 juu ya ardhi iliyo nyuma yake. Nyuma ya tuta hilo ni kinamasi cha asili, ambako maji yaliyonaswa huacha mfinyanzi. Kwenye Uwanda wa Kano mfinyanzi huo ni wa aina inayovimba ikilowa na kupasuka ikikauka. Ziwa Victoria nalo limechangia: ziwa linapopanda, kama lilivyopanda kwa zaidi ya mita 2 mwanzoni mwa miaka ya 1960, maji ya mto Nyando hupungua kasi mbali zaidi na ziwa na kuacha tope huko. Shamba lako limelala juu ya mteremko wa tuta: kichwa mchangani, miguu mfinyanzini.

Pima kabla ya kutumia pesa. Chimba sentimita 20 chini katika sehemu tano kuanzia mtoni hadi mwisho wa shamba. Kila sampuli iweke kwenye chupa ya lita 1 iliyonyooka, ijaze theluthi moja, ongeza maji hadi karibu na shingo na kijiko kimoja cha sabuni ya unga ili chembe ziachane. Tikisa kwa dakika 5, weka mezani, usiiguse tena. Baada ya dakika 1 chora mstari juu ya kilichotua: huo ni mchanga. Baada ya saa 2 chora wa pili: kilicho kati ya mistari ni tope laini. Baada ya saa 48 chora wa tatu: mfinyanzi. Pima kwa rula, gawa kila tabaka kwa kimo chote. Watu wengi huharibu kipimo hiki kwa kuiinua chupa kuitazama. Mfinyanzi unavurugika na hesabu inakufa.

Ukitaka jibu la haraka shambani, loweka udongo kidogo, ukande, kisha usukume kwa dole gumba juu ya kidole cha shahada utengeneze utepe. Usiponyooka kabisa, ni mchanga. Ukikatika kabla ya sentimita 2.5, mfinyanzi ni mdogo. Ukipita sentimita 5, ni mfinyanzi mzito.

Kisha pima unywaji wa maji. Kata kitako cha ndoo, izamishe ardhini sentimita 10, jaza maji, acha usiku kucha. Asubuhi jaza hadi alama na pima kushuka kwake baada ya saa 24. Pembeni weka ndoo nzima yenye maji, upate kiasi kinachopotea kwa jua, ukitoe. Jaruba zuri la mfinyanzi uliovurugwa hunywa chini ya milimita 5 kwa siku. La mchanga linaweza kunywa zaidi ya 25. Milimita 1 kwenye ekari moja ni kama lita 4,000, kwa hiyo milimita 25 ni lita 100,000 kila siku, ekari moja tu. Hakuna mfereji wa mkulima mdogo utakaomudu hilo.

Ushauri wetu: upande unaonywa zaidi ya milimita 10, acha mpunga. Panda mahindi, mtama, nyanya au kunde huko, na mpunga ubaki kwenye udongo mweusi. Ukiwa na kisehemu cha kati, kivuruge mara mbili au tatu kikiwa na maji, tope laini lizibe vitundu, na usilime kwa kina kirefu msimu unaofuata maana utalitoboa gamba ulilolitengeneza.

SWALI: Mafuriko yameniachia mchanga mweupe juu ya shamba la mahindi. Mahali pengine ni kiganja, pengine unafika gotini. Niuondoe wote?
*Msomaji, Kilosa*

JIBU: Usiuondoe wote, utafilisika. Inategemea unene. Usiozidi sentimita 5, lima kama kawaida, utachanganyika. Kati ya sentimita 5 na 20, lima kwa kina mara mbili ya unene wa mchanga, ili kila sehemu ya mchanga ipate sehemu ya udongo wa zamani: sentimita 15 za mchanga zinataka plau lishuke hadi 30. Jembe la mkono halitoshi, tafuta trekta. Unaozidi sentimita 20 usambaze kwenda sehemu zenye mchanga mwembamba, na unaobaki uuze kwa mafundi kama ni safi.

Kabla ya yote tafuta ulikopitia. Mchanga mnene uliomwagwa kwa umbo la ulimi maana yake ukingo wa mto umetoboka mahali fulani juu yako. Tundu hilo lisipozibwa, msimu ujao ulimi utaongezeka. Na mara nyingi tundu lilianzia kwenye mfereji ambao mtu alikata ukingoni kuvuta maji ya umwagiliaji bila kuweka lango.

SWALI: Asalaam aleykum. Huku kwetu wazee wanasimulia kwamba mto mkubwa ulikuwa unapita upande mwingine kabisa. Mto unaachaje njia yake?
*Msomaji, Kipini*

JIBU: Waaleykum salaam. Kwenu kuna mkono wa binadamu ndani yake. Katika karne ya 19 ulichimbwa mfereji wa Belezoni kuunganisha Tana na mto mdogo wa Ozi. Maji yalipoonja njia fupi ya kufika baharini yaliipanua yenyewe, na Tana ukahamia kwenu Kipini.

Lakini hata bila mfereji, mito ya tambarare huhama. Tumesema ukingo huinuka kwa mchanga. Sakafu ya mto nayo huinuka, maana mteremko ni mdogo na mchanga haufiki wote baharini. Mwisho wake mto unatiririka juu ya tuta uliojijengea wenyewe, huku ardhi ya pembeni ikiwa chini kuliko maji. Siku ukingo unapotoboka wakati wa mafuriko makubwa, maji hupata njia yenye mteremko mkali zaidi, na yakishaichimba vya kutosha hayarudi. Rufiji ilifanya hivyo kwenye delta yake: tangu mafuriko ya mwishoni mwa miaka ya 1970 sehemu kubwa ya maji matamu hupitia midomo ya kaskazini. Upande mmoja ulipata mashamba mapya ya mpunga, upande mwingine ukaachiwa chumvi.

Mfano mkubwa kuliko yote uko China. Mto Huang He hubeba udongo laini wa manjano kwa wingi wa ajabu, na watu wameujengea matuta kwa zaidi ya miaka 2,000. Kila tuta likiongezwa, tope lililozuiwa kutandazika uwandani hutua sakafuni mwa mto, hivyo tuta lazima liongezwe tena. Sehemu nyingi sakafu ya mto iko mita kadhaa juu ya mashamba. Mwaka 1855 ulitoboa na kuhama kutoka kusini mwa rasi ya Shandong hadi kaskazini yake, ukaingia Ghuba ya Bohai.

Kwa hiyo wanaofikiria kujenga tuta la kijiji, walijenge mbali na mto, si ukingoni. Mto ukiachiwa nafasi pande zote mbili, utamwaga mchanga wake hapo na maji ya mafuriko yatakuwa na kina kifupi. Tuta la ukingoni linapendwa kwa sababu linaokoa eka nyingi. Ndilo pia la kwanza kuliwa kwenye kona.

SWALI: Nimeonyeshwa kiwanja kizuri, tambarare, bei nafuu, bonde la mto mjini Dar es Salaam. Dalali anasema maji hayajawahi kufika. Nitajuaje?
*Msomaji, Dar es Salaam*

JIBU: Ndugu, dalali hana kumbukumbu, ardhi inayo. Chimba shimo la mita 1.5 wakati wa kiangazi na utazame kuta zake.

Matabaka ya mchanga na mfinyanzi yanayopishana ni mafuriko yaliyopangwa moja juu ya jingine. Ukikuta tabaka jeusi lenye mizizi iliyooza limefunikwa na mchanga, hiyo ilikuwa ardhi ya juu kabla ya kuzikwa. Ukikuta mfuko wa nailoni au chupa ya plastiki chini ya matabaka hayo, umepata tarehe: chote kilicho juu yake kimeletwa katika miongo michache iliyopita. Hakikisha tu ni matabaka ya maji na si kifusi kilichomwagwa na lori. Kifusi huwa na vipande vya tofali na mawe ya ukubwa wote yaliyochanganyika, tope la mto limechambuliwa kwa ukubwa. Udongo wa kijivu wenye madoa ya rangi ya kutu unaonyesha kiwango ambacho maji ya ardhini hupanda na kushuka kila mwaka.

Juu ya ardhi tazama mistari ya tope kwenye kuta za majirani na takataka zilizonasa matawini. Kisha pima kimo kwa mpira mwangavu wa maji wanaotumia mafundi waashi, wa mita 20 au 30. Hakikisha hauna mapovu ya hewa, kwani povu moja linakupotosha kwa sentimita nyingi. Linganisha kiwanja na mstari wa maji kwenye ukuta wa jirani. Kwenye tambarare, nusu mita ndiyo inayotenganisha nyumba iliyolowa na iliyosalia kavu, na kwa macho matupu hutaiona kamwe.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Chukua mita hizo kama mwanzo tu: uwanda wa mafuriko unaweza kuwa na upana wa mamia ya mita, na ukingo wenyewe unahama. Bonde la Msimbazi, na Jangwani ukiwa ndani yake, ni uwanda wa namna hiyo. Maji yakifika hapo yamerudi mahali pake.

Ikiwa kiwanja kiko juu ya mstari wa mafuriko lakini udongo ni mweusi unaopasuka, unaweza kujenga kwa gharama ya ziada. Udongo huo ukiwa hauna kina kirefu, uondolewe wote chini ya jengo, ujazwe kwa moramu katika matabaka ya sentimita 15, kila moja likimwagiwa maji na kushindiliwa kabla ya lingine. Ukizidi mita 1.5 au 2, mwite mhandisi apange jamvi la zege lenye nondo au nguzo za chini. Nyumba nyingi kwenye udongo huo hupasuka kwa sababu moja isiyo ya ajabu: maji ya bafuni au ya paa yanamwagwa upande mmoja wa msingi, udongo wa upande huo unavimba, wa upande wa pili umekauka.

Kuinua kiwanja kwa kifusi ndani ya mkondo wa mafuriko hatukushauri. Maji unayoyazuia wewe yataingia kwa jirani.

SWALI: Kisima kichimbwe wapi kwenye tambarare? Tumechimba mita 8 kwenye mfinyanzi, maji ni ya kijiko.
*Msomaji, Malinyi*

JIBU: Mfinyanzi umejaa maji lakini hauyaachii. Tafuta mchanga wa mkondo wa zamani. Kwenye picha za setilaiti huonekana kama utepe uliopinda, wenye miti mibichi wakati wa kiangazi, au vijiziwa vya umbo la mwezi mwandamo. Kabla ya kuchimba kisima kizima, piga matundu matatu manne kwa keekee ya mkono kukatisha utepe huo, yawe na umbali wa mita 10 baina yao. Weka udongo unaotoka kwa mpangilio, utaona mchanga unaanzia kina gani na unaishia wapi.

Chimba mwisho wa kiangazi, maji yakiwa chini kabisa. Mchanga uliojaa maji humiminika ndani ya shimo na unaweza kumfukia mchimbaji, kwa hiyo shusha pete za zege kadiri mnavyochimba, asiingie mtu kwenye shimo lisilo na pete. Weka changarawe chini na nje ya pete za mwisho. Choo kiwe umbali usiopungua mita 30, na mchangani ongeza. Kwenye delta, usichimbe kwa kina kirefu ukitumaini maji mengi: maji matamu huelea juu ya maji ya chumvi, ukivuta kwa nguvu chumvi inapanda.

SWALI: Kwa nini tope linatua kwa wingi pale mto unapokutana na bahari, hata mahali penye mawimbi?
*Msomaji, Kibiti*

JIBU: Chumvi. Chembe za mfinyanzi zina chaji ya umeme inayozifanya zisukumane kwenye maji matamu. Chumvi huua msukumano huo, zinashikana mafungumafungu, na fungu hutua haraka. Jaza glasi mbili kwa maji ya mto yenye tope, moja itie gramu 10 za chumvi. Ndani ya saa chache itaangaza, nyingine itabaki na rangi ya chai hata kesho yake. Kwenye delta ya Rufiji kazi hiyo ya chumvi husaidiwa na mikoko: mizizi hupunguza kasi ya maji yanayojaa na kupwa, tope linanasa, matope yanainuka, na miti inasogea mbele. Mlilana, aina mojawapo ya mkoko, ndio hutangulia upande wa bahari.

SWALI: Wakulima wa mlau, yaani tunaopanda maji ya mafuriko yanapopungua, tunategemea tope la mafuriko. Bwawa likijengwa juu ya mto, tope litaendelea kuja?
*Msomaji, Utete*

JIBU: Sehemu kubwa haitakuja. Mchanga wote na sehemu kubwa ya tope hutua mahali mto unapoingia kwenye maji yaliyosimama. Misri baada ya Bwawa Kuu la Aswan kukamilika mwaka 1970, karibu tope lote la Nile hubaki Ziwa Nasser. Wakulima walihamia mbolea ya viwandani, na ncha ya delta kule Rosetta imemegwa na bahari kwa kilomita kadhaa. Tana una mabwawa mfululizo, Masinga ya mwaka 1981 likiwa kubwa kuliko yote, na Rufiji sasa ina Bwawa la Julius Nyerere, lililoanza kujazwa Desemba 2022.

Kwenu yatakayoonekana kwanza si mashamba kukosa rutuba. Ni mto kuchimba sakafu yake. Maji yanayotoka bwawani yakiwa safi hubeba mchanga wa chini ya bwawa bila kurudisha mwingine, mkondo unazama, na mafuriko ya kadiri yanashindwa kuvuka ukingo. Mito inayoingia chini ya bwawa itaendelea kuleta kidogo. Pigeni alama kwenye nguzo ya daraja au mwamba usiosogea, mpime kila mwaka mwezi ule ule kimo kutoka alama hadi sakafu ya mto. Na kwa mlau, anzeni kupanda kunde au choroko kwa zamu na mahindi, mabua yabaki shambani, maana unyevu mnaweza kuupata kwenye mafuriko madogo lakini naitrojeni hamtaipata.